Tinker aje, lakini aje akiponya

Mwandishi wa makala niliyoisoma anasema klasi mpya (aina ya mhusika unayemchezesha) ya mchezo wa kompyuta wa World of Warcraft haina budi kuwa Tinker, yule fundi mitambo, kwa sababu gnomu na goblini, jamii za vibushuti mafundi wa mchezo huo, wamekaa na nyundo zao miaka yote bila klasi ya kwao. Nakubali, ila sababu yenye nguvu zaidi kaiacha: klasi zilizoongezwa baadaye, Death Knight wa 2008, Monk wa 2012 na Demon Hunter wa 2016 wote wana mzizi kwenye mashujaa wa Warcraft III, mchezo uliotangulia huu, na Tinker yumo humo humo. Evoker wa 2022 ndiye aliyetoka nje ya mstari. Linaloniuma ni kumwona Tinker kama mpigaji tu, mabomu na roketi. Sisi hucheza watano sebuleni kwa binamu yangu hapa Majengo, birika la kahawa chungu chini, na mponyaji ni mie. Seva, yaani kompyuta zinazoendesha mchezo, ziko Ulaya, kwa hivyo amri huchelewa kufika. Nabonyeza kitufe, nahesabu pumzi moja, na mara nyingine mwenye ngao keshaanguka kabla dawa haijamfikia. Fundi anayetega mtambo wa kuponya kabla vita havijaanza angetuokoa, maana mtambo ukishasimama unafanya kazi hukohuko kwenye seva, hata intaneti yangu ikisuasua. Hiyo kwangu ina thamani kuliko roketi kumi. Nyinyi mnaocheza kutoka Likoni, Kisauni na kwengineko, Tinker akija mngemtaka aponye, abebe ngao, au apige tu?