Dereva hana kazi ya kubonyeza kitufe tu

Mwandishi wa makala niliyoisoma anataka madereva wa treni za chini ya ardhi hapa London waondolewe, kompyuta ishike kazi, kwa kuwa Paris wameweza. Mimi hupanda treni hizo kila siku, naomba nichangie.

Kompyuta si ngeni huku. Njia ya Victoria tangu ifunguliwe 1968 treni hujiendesha yenyewe kati ya vituo. Dereva hufunga milango, hubonyeza vitufe viwili, safari inaendelea. DLR, reli nyepesi ya mashariki mwa London, tangu 1987 haina dereva, lakini ndani yumo mfanyakazi anayefunga milango. Juzi tu nimemwona akisubiri mama mwenye kigari cha mtoto aingie kwanza.

Paris walimaliza kubadilisha Line 1, njia yao ya treni za chini ya ardhi, iende bila dereva mwaka 2012, sawa, ila waliweka milango ya vioo kwenye majukwaa yote. London majukwaa mengi ya zamani yamepinda, milango hiyo ni vigumu kuiweka, na mahandaki ya chini kabisa ni membamba mno, treni karibu iguse ukuta. Ikikwama, abiria hawatokei ubavuni, hutokea mwisho wa treni wakatembea relini. Gizani! Nani atawaongoza?

Niliwahi kukwama humo. Mzee jirani yangu akaanza kuhema, jasho linamtiririka. Kilichomtuliza ni sauti ya dereva: jamani, niko hapa mbele, nawaona mafundi wanakuja. Hizo pesa za kumwondoa mtu huyu zijenge lifti, maana vituo vingi bado mwenye kiti cha magurudumu hawezi kushuka.