Huku ukijua kushinda unafungiwa, ukiliwa sana unapigiwa simu

Ukikaa kijiweni Mabatini au Igoma jioni ya Jumamosi, utasikia watu wakiziongelea kampuni za kubeti kama wanavyoiongelea timu pinzani. Leo tumempiga, jana katupiga. Imani iliyopo ni kwamba anayeujua mpira, akatulia na kuacha tamaa, mwishowe atakula. Mimi naishi Uingereza, nchi ambayo ligi yake ndiyo inayojaza mikeka ya Mwanza, yaani tiketi za kubeti zinazounganisha mechi nyingi, na niliyoyaona huku yamenilazimu niandike. Anayeujua mpira kweli haachwi acheze.

Kuna jamaa tunafanya naye kazi ghalani hapa Leicester. Ni mtu wa kufuatilia madaraja ya chini kabisa, anajua kipa gani ana majeraha na kocha gani anapumzisha wachezaji. Hakuwa anashinda pesa za kununulia nyumba. Alikuwa anapata kidogo kidogo, kwa subira. Siku moja akaweka pauni 20 kwenye mechi moja, programu ikamjibu kwamba dau lake la juu kabisa halifiki hata pauni moja. Alipouliza akaambiwa ni uamuzi wa kibiashara. Akahamia kampuni nyingine, na huko nako hakudumu. Pesa yake ya nyuma walimlipa yote, maana Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya 2005 iliyafanya madau kuwa mikataba inayoweza kudaiwa mahakamani. Lakini hakuna sheria ya huku inayoibana kampuni ipokee dau la mtu isiyemtaka.

Na hawasubiri ushinde kwanza. Odi ni namba inayozidishwa na dau lako ukishinda. Mitambo yao inalinganisha odi uliyoichukua na odi iliyokuwepo filimbi ilipopulizwa. Ukiichukua timu kwa 2.40, na mpaka mechi inaanza imeshuka hadi 2.10, maana yake uliona kitu kabla ya soko. Ukirudia mara kadhaa tayari umejulikana, hata kama siku hizo ulipoteza. Wanaangalia pia unabeti nini: mechi mojamoja za ligi ndogo, kona, kadi za njano, sehemu ambazo odi zao hazijakaa sawa. Mtu wa aina hiyo anabanwa mapema.

Upande wa pili yupo mteja anayependwa. Huyo anapewa daraja la heshima na mtu maalumu wa kumhudumia, anatumiwa bonasi akikaa kimya siku mbili, anaalikwa uwanjani kwenye viti vya wakubwa. Anachokifanya ili astahili hayo ni kuliwa, na kuliwa pesa nyingi. Mwaka 2020 gazeti la The Guardian liliripoti waraka wa mamlaka ya michezo ya kubahatisha ya huku ulioonyesha kwamba kampuni moja ilikuwa inapata asilimia 83 ya pesa zinazowekwa kutoka kwa asilimia 2 tu ya wateja wake, wale wa daraja la heshima. Mwaka huohuo mamlaka ikatoa masharti: kabla ya kumpandisha mteja daraja hilo, kampuni ihakikishe kwamba anaimudu pesa anayoicheza na kwamba haonyeshi dalili za kuumia. Yaani mpaka mwaka 2020 jambo la wazi kiasi hicho lilikuwa linahitaji kuamrishwa.

Sasa turudi nyumbani. Vijana wa Mwanza wananiambia hawajasikia mtu aliyefungiwa kwa kushinda. Naamini wanasema kweli, na sababu yake ni mkeka wenyewe. Chukua mfano kampuni imejiwekea faida ya shilingi 5 katika kila 100 kwa mechi moja. Inaonekana ndogo. Ukiunganisha mechi kumi, ile faida nayo inakatwa mara kumi mfululizo, kila mara kwenye kilichobaki, na kwa wastani katika kila shilingi 100 zinabaki kama 60 tu za kurudi kwa wachezaji. Arobaini zimeshaliwa kabla mpira haujaanza. Anayeweka 500 kwenye mechi kumi na tano ili apate milioni hahitaji kubanwa na mtu, hesabu inatosha. Kila mara anakumbuka ule mkeka uliochanwa na mechi moja, dakika za majeruhi, na hiyo ndiyo inayomrudisha.

Hilo linaniuma zaidi nikiwafikiria wavuvi wa dagaa. Mbalamwezi ikiwa kubwa taa hazivuti dagaa, mitumbwi inapumzika, na vijana wanakaa mwaloni na mgao wa giza lililopita mfukoni. Mpwa wangu yumo humo. Pesa iko kwenye simu, mechi ziko kwenye simu, na ikikauka, mkopo nao uko kwenye simu hiyohiyo. Usiku wa ziwani ni kazi ya roho mkononi, na pesa yake inaisha kabla mtumbwi haujarudi majini.

Hapa ndipo ninapoona tofauti kubwa ya huku na kwetu. Uingereza haimlindi mshindi, lakini imejifunza, kwa kuchelewa, kumwekea aliyezama mahali pa kushika. Tangu Aprili 2020 ni marufuku kubeti kwa kadi ya mkopo. Upo mfumo unaoitwa GAMSTOP: unajiandikisha mara moja, unachagua miezi sita, mwaka au miaka mitano, na kila kampuni ya mtandaoni yenye leseni ya hapa inalazimika kukufungia. Na anayebeti hakatwi kodi tangu 2001, kodi iko kwa kampuni. Kwetu mchezaji ndiye anayekatwa kwenye ushindi wake, hata kama amepoteza mwezi mzima kabla ya kushinda.

Kuna wanaosema tusizisumbue kampuni hizi kwa sababu zinaulisha mpira. Kweli, Simba na Yanga wamevaa majina yao kifuani. Mwaka 2017 Everton walikuja Dar es Salaam na jina la kampuni ya kubeti kwenye jezi, Rooney akafunga, na taifa zima likafurahi, mimi nikiwemo. Lakini klabu za Ligi Kuu ya hapa zenyewe zilikubaliana mwaka 2023 kuyaondoa majina hayo mbele ya jezi kuanzia msimu wa 2026/27. Sioni kwa nini mtoto wa Kirumba astahili kinga ndogo kuliko mtoto wa Liverpool.

Na kwetu kazi ingekuwa rahisi kuliko huku. Laini zote zimesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA. Mtu akisema inatosha, namba yake moja ingefungwa kwa kampuni zote na kwa malipo yote ya simu yanayokwenda kwao. Mitambo ipo, kinachokosekana ni agizo. Kuhusu washindi, jimbo la New South Wales kule Australia tangu 2014 limewabana wapokea madau wa mbio za farasi wakubali dau la mtu yeyote hadi kiwango kilichowekwa, ashinde asishinde, na biashara haijafa.

Bunge la bajeti likikaa Dodoma, kodi ya michezo ya kubahatisha hujadiliwa kwa upande wa makusanyo. Natamani wabunge wa Nyamagana, Ilemela na Ukerewe waulize mengine. Waitake Bodi ya Michezo ya Kubahatisha itangaze, kampuni kwa kampuni, wateja wangapi wamepunguziwa dau kwa sababu wanashinda, na sehemu gani ya mapato inatoka kwa wale wachache wanaopoteza zaidi. Kampuni zinazo hesabu hizo zote, zimo kwenye kompyuta zao leo hii.