Mti mmoja malishoni hauiokoi guzmania

Misitu ya mvua inapofyekwa kwenye miteremko ya magharibi ya Andes nchini Ekuador, mara nyingi hubakizwa mti mmoja mmoja wa kuwapa ng'ombe kivuli. Juu ya matawi yake guzmania, mimea ya jamii ya nanasi inayoota juu ya miti, bado zinachanua, basi watu husema zimesalimika. Kwangu huko ni kujidanganya.

Guzmania si kimelea. Hainyonyi chochote cha mti. Mizizi yake kazi yake kubwa ni kushikilia gome. Majani yamepangana kama kikombe kinachokinga maji ya mvua, na kwenye tako la kila jani kuna vijinywele vidogo mno vinavyofyonza maji pamoja na virutubisho vya takataka zilizooza humo ndani. (Viluwiluwi navyo hujipatia bwawa la bure.) Sasa mti ukibaki peke yake, jua na upepo hukausha kikombe hicho haraka. Mbegu ndizo zinazoumia zaidi: hupeperuka na manyoya yake, hutua kwenye gome, na gome hilo likikauka kabla mche haujashika, mwisho wake ni huo.

Kila shina huchanua mara moja tu, kisha hufa likiacha machipukizi ubavuni. Kwa hiyo mmea mkubwa unaweza kuendelea kwa miaka hata kama hakuna mche mpya unaoota. Anayekagua asihesabu maua. Atafute miche ya ukubwa wa ukucha.

Guzmania iliyoanguka na tawi inaokoleka. Subiri chipukizi lifikie theluthi au nusu ya ukubwa wa mama, likate likiwa na tako lake, lifunge kwenye gome lenye mikwaruzo kwa uzi wa nailoni. Waya wa shaba hapana, shaba ni sumu kwake. Ukilifukia kwenye udongo mzito, tako litaoza. Kikombe kijazwe maji ya mvua. Maji yenye chokaa huacha ukoko mweupe unaoziba vile vijinywele.

Lakini bustani ya machipukizi si msitu. Na msitu bado una cha kuokolewa: mimea mingi ya Centinela, mgongo wa vilima magharibi mwa Ekuador uliofyekwa msitu wake, ilidhaniwa imetoweka, lakini ilikuja kupatikana kwingineko, kama utafiti wa 2024 ulivyoonyesha. Badala ya kutawanya miti kumi malishoni, afadhali iachwe kumi hiyo pamoja, matawi yakigusana, kandokando ya kijito ambako ukungu hukawia kuondoka.