Kisu au Subira: Kiharusi cha Tezi ya Pituitari Kinapotishia Macho

Huanza na kichwa. Maumivu yanakuja kwa kishindo nyuma ya macho, kisha kutapika. Saa chache baadaye kope moja imeanguka, vitu vinaonekana viwili viwili, au pembeni mwa macho yote mawili kumeingia giza. Wengi wanaopatwa na hali hii hawajawahi kujua kwamba wana uvimbe kwenye tezi ya pituitari. Uvimbe huo kwa kawaida si saratani. Umekaa kimya kwa miaka, na leo umevuja damu ndani yake, au umekosa damu ukafa. Madaktari Brougham, Heusner na Adams waliupa ugonjwa huu jina la kiharusi cha pituitari mwaka 1950, na hadi leo wataalamu hawajakubaliana lini upasuliwe na lini uachwe utulie wenyewe.

Tezi yenyewe ina ukubwa wa punje ya njegere na imekaa kwenye kishimo cha mfupa chini ya ubongo. Juu yake zinakutana neva mbili zinazobeba picha kutoka machoni. Kushoto na kulia kwake zinapita neva zinazozungusha mboni na kuinua kope. Uvimbe ukijaa damu ghafla, mfupa wa chini hautoi nafasi. Ukipanda juu, unaminya neva za kuonea. Ukisukuma pembeni, unaminya zile za kuzungusha macho. Naomba msomaji aishike tofauti hii, kwa sababu mjadala wote unaegemea hapo, na mara nyingi watu huongelea “matatizo ya macho” kana kwamba ni jambo moja.

Kabla ya ubishi kuna jambo lisilo na ubishi. Tezi iliyopigwa mara nyingi huacha kuziamuru tezi zilizo juu ya figo zitengeneze kotisoli, na mgonjwa akikosa homoni hiyo shinikizo la damu linaweza kuporomoka akafa kabla hata ya kufika chumba cha upasuaji. Haidrokotisoni ya mshipani, dawa ya kuziba pengo hilo, hutangulia. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2011 unataja miligramu 100 hadi 200 kwa kuanzia. Anayekimbilia kisu bila dawa hiyo anaokoa macho ya mtu ambaye huenda asiamke.

Sasa hoja ya wanaotaka kupasua. Neva ya kuonea ikiminywa hukosa damu, na kila siku inayopita inapunguza uwezekano wa kupona. Utafiti wa Oxford uliochapishwa mwaka 1999, wenye wagonjwa 35, ulionyesha kwamba waliopasuliwa ndani ya siku 8 wote walirudisha ukali wa kuona, ilhali kwa waliopasuliwa baadaye ni asilimia 46 tu. Upasuaji wenyewe umebadilika sana tangu daktari mpasuaji Schloffer apite puani kuifikia tezi hii mwaka 1907: siku hizi kamera nyembamba hupita puani hadi kwenye kishimo, damu na tishu iliyokufa hunyonywa, na mgandamizo huondoka papo hapo. Wapo wagonjwa wanaosema wanaona vizuri zaidi mara tu wanapozinduka.

Wanaotaka kusubiri nao hawabahatishi. Damu iliyovuja hunyonywa na mwili, uvimbe uliokufa husinyaa, na mara nyingine hutoweka kabisa kwenye picha za miezi iliyofuata. Kisu kina gharama zake: majimaji ya ubongo kuvuja puani, uambukizo wa utando wa ubongo, kukojoa maji mengi kupita kiasi kwa sababu homoni ya kuyazuia imekatika, chumvi ya damu kushuka siku kadhaa baadaye. Kwa nadra, mshipa mkubwa wa shingo unaopita ubavuni mwa tezi hujeruhiwa. Na kwa upande wa homoni, upasuaji hauna ahadi kubwa. Wengi hubaki wakimeza dawa za kuziba pengo, wawe wamepasuliwa au la. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2024, uliofuatilia wagonjwa 97, uliona matokeo yanayofanana kati ya waliopasuliwa na wasiopasuliwa baada ya miezi mitatu.

Hapo wengine husema basi, mjadala umekwisha, tusubiri. Sikubaliani nao. Wagonjwa wa utafiti huo hawakupangwa kwa kura. Madaktari waliwatazama, wakaamua nani aende kwa mpasuaji na nani abaki wodini. Wakitoka sawa mwishoni, huenda maana yake ni kwamba madaktari walichagua vizuri, na hilo halituambii kwamba chaguo halina uzito. Utafiti wa Oxford una udhaifu wake pia: wagonjwa wachache, na waliochelewa huenda walichelewa kwa sababu zilizoathiri macho yao kwa njia nyingine.

Kwa maoni yangu swali la kuamulia ni neva ipi imeminywa, na kama hali inabadilika. Mwenye kope iliyoanguka na kuona vitu viwili, lakini anayesoma herufi vizuri na kuona pembeni, anaweza kusubiri. Neva za kuzungusha macho hupona vyema bila kisu, ingawa huchukua wiki au miezi. Ambaye herufi zinafifia au giza la pembeni linazidi, huyo apasuliwe mapema, ndani ya siku saba tangu dalili zianze, na mapema zaidi ikiwa anazidi kupoteza. Mwongozo wa Uingereza unaelekea huko huko. Nao una kipimo cha alama hadi 10 zinazojumlisha fahamu, ukali wa kuona, upana wa kuona na kuzunguka kwa macho. Ninakipenda kwa sababu moja hasa: kinamlazimisha daktari apime na kuandika.

Ninachokihofia ni subira isiyopimwa. Mgonjwa mwenye usingizi mzito hawezi kusema kama anaona pembeni, na muuguzi aliyeandika “macho yako sawa” huenda alitazama mboni tu akaridhika kwamba zinaitikia mwanga. Giza la pembeni halionekani kwa namna hiyo. Hugunduliwa kwa kufunika jicho moja baada ya jingine na kuleta kidole kutoka kila upande, asubuhi, mchana na usiku, na matokeo kulinganishwa na ya jana. Kipimo cha CT, yaani picha ya eksirei ya kichwa, nacho hudanganya: kinaweza kuonekana safi huku tezi inavuja damu, ndiyo maana MRI, picha ya sumaku, inahitajika, na ndiyo maana wengine hutibiwa siku mbili nzima kama wagonjwa wa homa ya uti wa mgongo.

Jambo jingine huamuliwa na jengo lenyewe. Hospitali isiyo na mpasuaji wa ubongo aliyezoea njia ya pua haiwezi kusema imechagua kusubiri, kwa kuwa haina cha kufanya macho yakianza kufifia saa nane za usiku. Mgonjwa wa namna hiyo apewe haidrokotisoni, chumvi ya damu yake ipimwe, kisha asafirishwe siku hiyo hiyo, hata kama bado anasoma kila herufi ukutani.