Leso Tatu Katika Kundi la Mabinti

Mzazi anayetaka kujua mwanawe anaandikiana na nani hana njia nyingi kama anavyoaminishwa. Family Link ya Google, ambayo wazazi wenzangu huisifu sana, humwonyesha mzazi programu zilizo kwenye simu ya mtoto, muda anaozitumia na mahali simu ilipo, lakini haimsomei hata neno moja la mazungumzo yake. WhatsApp nayo, tangu 2016, husimba kila ujumbe kutoka kwa mwandishi hadi kwa msomaji, hivi kwamba hata wenye kampuni hawausomi. Njia iliyobaki ni kuiunganisha akaunti ya mtoto na kompyuta: unaichukua simu yake akiwa anaoga, unafungua sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, unaielekeza kamera kwenye ule mraba wa vidoadoa, na tangu hapo kila anachoandikiwa kinakufikia na wewe.

Binti yangu ana miaka 14, mmoja zaidi ya ule ambao WhatsApp yenyewe imeuweka kuwa mwanzo wa ruhusa, na kompyuta ninayoisema ni ya duka langu la leso, yaani kanga, hapa Biashara Street, Mombasa. Mke wangu alisema kwamba mtoto huulizwa, hachunguliwi. Nilimjibu kwamba watu wabaya wa mtandaoni hawampigii mtoto hodi wala hawamwombi baba yake ruhusa, na hoja hiyo naishikilia hadi leo. Akaniambia, "Haya, Baba watoto, wewe ndiwe ujuaye," kwa ile sauti ambayo mwanamume aliyeoa haihitaji kuelezwa.

Watu wabaya sikuwaona. Niliona hesabu za kunakiliana, picha za hina, na malalamiko yaliyozidi kuongezeka kutoka kwa mashoga zake kwamba binti yangu siku hizi ana maringo, husoma ujumbe na hajibu. Alama zile za buluu nilikuwa nikiziwasha mimi, kila nilipopitia mazungumzo yao baada ya sala ya Isha, naye mwenyewe kashalala. Ilikuwa likizo ya Agosti, na simu, ambazo shuleni haziruhusiwi, zilikuwa hazitoki mikononi mwao.

Siku ya mkasa, kundi lao lilikuwa limechafuka. Mmoja alimwambia mwenzake kwamba hina yake ya harusini ilikaa kama ramani ya barabara za Kisauni, mwenye hina akaamini kwamba maneno hayo yalianzia kwa binti yangu, na binti yangu alikuwa jikoni akikaanga mahamri, hana habari. Wakati huohuo mteja wangu wa Lamu, mama mmoja anayenunua kwa jumla, aliniomba nimpelekee picha za leso mpya. WhatsApp ya duka ilikuwa kwenye kivinjari kimoja na ya binti yangu kwenye kingine, na madirisha hayo mawili yanafanana kwa kila kitu. Nikazipiga leso tatu picha, karibu kabisa ili jina, yale maneno yaliyoandikwa juu yake, lisomeke, nikazituma moja baada ya nyingine.

Ya kwanza ilisema: "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake." Ya pili: "Mdhaniaye ndiye kumbe siye." Ya tatu: "Usisafirie nyota ya mwenzio." Chini yake nikaandika, kwa adabu yangu yote ya kibiashara: "Chagua inayokufaa. Nyingine nyingi ziko stoo, na zote nimekuwekea wewe."

Msomaji wa pwani hahitaji kufafanuliwa nini kilifuata. Wanawake wa huku walikuwa wakipelekeana ujumbe wa leso kabla hata simu ya waya haijaingia majumbani mwao, na mtu hutundikiwa jina kwenye kamba ya nguo akajua ni lake bila kuitwa. Mabinti wale wameyanyonya hayo kwa mama zao. Kundi lilinyamaza dakika nzima, kisha likalipuka. Mimi nikakimbilia kufuta, na kwa haraka nikabonyeza kufuta kwa upande wangu tu, si kwa wote. Upande wangu ulikuwa ndio upande wa binti yangu. Picha zikatoweka kwenye simu yake na kubaki kwa wengine wote, hivyo alipotoka jikoni alikuta anatukanwa na watu wengi kwa maneno ambayo yeye peke yake hakuweza kuyaona.

Alikuja dukani jioni, akanisabahi, akaketi. "Baba, kompyuta yako naiona kwenye orodha ya vifaa tangu wiki ile ile ulipoiunganisha. Nilikuachia kwa sababu nilijua ukikosa kusoma hutalala." Nikakumbuka kwamba wiki hiyohiyo alimwandikia shoga yake kwamba viatu vyake vimechanika na anaona haya kumwambia baba, na kwamba viatu vipya nilimnunulia kesho yake.

Kabla sijapata jibu, mama wa yule mwenye hina akaingia na buibui lake, simu mkononi.

"Assalamu alaykum. Mwanangu kakosa nini hata aambiwe hivi?"

Nikamweleza yote, kompyuta, Lamu, madirisha. Alinisikiliza bila kupepesa. Nilipomaliza akazitazama leso zilizokunjwa rafuni, akaomba ile ya simba, akaitandaza juu ya meza na kulifuata jina kwa kidole, herufi kwa herufi, midomo ikichezacheza.

"Hii bei gani?"

Nikamtajia.

"Fedheha yote hii uliyonitia, kisha waniuzia bei ya dukani? Wifi yangu yuaja Ijumaa. Nikatie, na unipindie."

Nikampa kwa bei ya jumla. Ile ya nyota ya mwenzio aliichukua bure.