Nguvu za Kimondo na Blanketi la Bibi

Mwaka 2012 familia yetu yote ilikuwa na nguvu za ajabu, kuanzia mwisho wa Juni hadi mvua za Novemba. Usicheke kwanza, pa kucheka pako mbele.

Chanzo kilikuwa kimondo. Kwaya ya mama ilikodi Coaster kwenda kuona Kimondo cha Mbozi, pale Ndolezi, enzi hizo Mbozi ikiwa bado Mkoa wa Mbeya, maana Songwe imekuja kuwa mkoa 2016. Mama akasema viti vimebaki, twende wote. Tukaenda: baba, mama, bibi mzaa baba, dada, mimi niliyekuwa kidato cha pili, na dogo wa darasa la tatu. Kama hujafika, ni hivi: unaiacha lami ya Tunduma, unakula vumbi, halafu unaoneshwa jiwe. Ila si jiwe. Ni chuma kitupu na nikeli kidogo, urefu wake kama mita 3, uzito wanaukadiria tani 16, kilianguka kutoka angani siku ambayo hakuna aliyeiandika. Upande mmoja kina kovu, walipokata kipande mwaka 1930 ili wakakipime.

Wanakwaya walikigusa kwa kidole kimoja, kama mtu anayepima pasi. Sisi tulikikumbatia. Bibi alikiegemea kabisa, eti miguu inauma na viti havijaletwa. Dogo akakilamba. Mama alimkanya, lakini keshalamba.

Sasa dogo alikuwa mteja wa kudumu wa banda la video la mtaani kwetu Nzovwe, zile picha zilizotafsiriwa ambazo mtafsiri anaongea kuliko mwigizaji. Kila picha ya tatu kuna mtu kaguswa na kitu cha kutoka angani, kesho yake anapaa. Tulipofika Mbalizi akaninong'oneza: "Kaka, ulimi unawasha." Nikamwambia hiyo ni kutu.

Wiki hiyohiyo baba akanunua kapeti. Alikuwa na sababu: dada alikuwa anakuja kuposwa na watu wa Iringa, na sebule yetu ilikuwa sakafu ya saruji iliyopasuka katikati kama ramani ya mto. Baba ni fundi cherehani, mtu wa senti, lakini siku hiyo alirudi kutoka Mwanjelwa na kapeti la nailoni la zambarau, lenye simba katikati. Simba mwenyewe alikuwa na macho ya mtu anayedaiwa. Na kwa kuwa Julai ya Mbeya huijui mpaka ulale nayo, mama naye akaleta mablanketi ya manyoya ya mtumba na masweta ya kila mtu. Usiku baridi ilishuka mpaka ndoo ya maji asubuhi ukiishika unafikiri imekung'ata. Na ilikuwa baridi kavu. Midomo inapasuka, visigino vinapasuka, mafuta ya mgando yanaisha kama sukari.

Jumapili moja baada ya ibada mama alikatiza kapetini na kikombe cha bati, anampelekea baba chai. Baba akanyoosha mkono. Tap! Sauti ile ya kuvunja njiti ya kiberiti. Kikombe kikaruka, chai yote kwa simba.

"Umenipiga shoti!" baba akasema.

"Mimi? Wewe ndiye umenipiga shoti!"

Dogo akasimama juu ya kochi, akatangaza: "Ni kimondo!"

Kuanzia hapo ikawa kila siku. Baba akigusa cherehani, tap. Dada akichana nywele kwa kitana cha plastiki, zinasimama zote kama zimeitwa majina. Mama alinizaba kofi moja kwa kosa la kuunguza kande, na lile kofi lilianza kuniuma kabla halijafika. Lakini kiboko yao alikuwa bibi. Bibi akivua sweta gizani alikuwa anawaka. Sitanii. Cheche za bluu zinatembea kuanzia kiunoni hadi mabegani, chachacha, halafu kichwa kinatokea upande wa pili na kusema, "Mbona mnanikodolea macho?"

Kitu kimoja sijakisema: mama ni Mfipa, kwao Sumbawanga, kule wanakosemwa watu hutumiana radi. Mtanzania ukimtajia Sumbawanga na radi katika sentensi moja, hahitaji sentensi ya pili. Miaka yote majirani walikuwa wanamtania tu, mama anacheka. Sasa mke wa jirani alikuja kuazima chumvi, akaupokea mkebe kwa mkono, tap, akaacha chumvi na ndala moja. Tangu siku hiyo hakuna aliyekuja kuazima kitu kwetu. Mama anasema ule ndio mwezi pekee alioweka akiba.

Dogo yeye hakuridhika na cheche. Alitaka kupaa. Mimi, msomi wa kidato cha pili, badala ya kumkataza nikawa kocha wake. Tulichukua kitenge cha mama, tukakifunga shingoni. Tukamsuguisha kwenye kapeti kwa soksi mizunguko 50, ili ajae. Kisha tukapanda juu ya banda la nguruwe, maana ndilo lililokuwa na bati fupi kuliko yote.

"Kaka, nikishapaa nigeukie wapi?"

"Geukia Loleza, utauona mlima mbele yako."

Hakugeukia Loleza. Hakugeukia popote. Bati lenyewe lilikuwa bovu, hata kuruka hakuruka, alizama wima kama sarafu kwenye kibubu. Nilichungulia tundu, nikaona nguruwe watatu wamejibana ukutani na kitenge cha mama kinaelea kwenye kitu ambacho sitakitaja, watu wanakula. Dogo hakuumia hata kidogo. Alitoka anang'aa meno tu. Mimi ndiye niliyeumia, jioni, na safari hii mama hakutumia kofi.

Jumatatu nikiwa nimekaa upande mmoja wa makalio, nilimuuliza mwalimu wa fizikia kama chuma cha angani kinaweza kuingia mwilini. Alinitazama muda mrefu. Akachukua rula ya plastiki, akaisugua kichwani kwake, akaisogeza kwenye vipande vya karatasi. Vikaruka vyenyewe, vikanata. "Huu ni umemetuli," akasema. "Nailoni, manyoya, soksi, vikisuguana vinakusanya chaji. Hewa ikiwa kavu kama sasa hivi, chaji haina pa kuvujia, inakusubiri uguse kitu. Hizo cheche ni za volti maelfu, ila mkondo wake ni kiduchu na unaisha kufumba na kufumbua, ndiyo maana mko hai. Mvua zikija, unyevu utaziondoa zote. Na mmenunua kapeti jipya, siyo?"

Nilijisikia kama nimefiwa.

Nyumbani nilimweleza baba peke yake, cherehanini. Alisimamisha mguu kwenye pedali. "Kwa hiyo mtu akisugua miguu kwenye kapeti, halafu akamshika mwenzake mkono..."

"Anampiga shoti, baba."

"Na hafi."

"Hafi."

Akarudisha mguu kwenye pedali, akashona mstari mzima bila kusema. Kisha: "Hiyo elimu ibaki kwako. Usimwambie hata mama yako."

Washenga wa Iringa walifika Jumamosi ya Agosti, wanne, wakiongozwa na mzee mmoja mrefu mwenye suti ya kijivu na sauti ya taratibu ya mtu aliyekwisha kupunguza mahari nyingi. "Kamwene!" akasalimia kwa lugha ya kwao. Bibi akamjibu kwa ya kwetu, "Ugonile!" na wote wakaridhika kwamba wameelewana. Wakakalishwa. Nikamwona baba amevaa soksi nene za sufi, hana viatu, anatembea kapetini kutoka dirishani hadi mlangoni kama mtu mwenye mawazo. Hakuwa na mawazo. Alikuwa anajaza betri.

Baba alitaja 1,500,000. Mzee wa Iringa akacheka kwa heshima, akasema wao wamekuja na 800,000 na upendo. Baba akasema, "Upendo tunao," akainuka, akaburuza miguu kumfuata, akampa mkono. Tap!

Mzee akautazama mkono wake. "Tuseme 900,000," akasema.

Baba akarudi kwake, akazunguka kwa nyuma ya makochi, njia ndefu. Wakabishana tena kuhusu mkaja wa mama. "Basi tushikane mikono," baba akasema. Tap! Milioni moja. Mshenga mmoja kijana akamnong'oneza mwenzake. Nililisikia neno moja tu, "Sumbawanga". Hapo mama alipita na sinia la ndizi akawatabasamia. Ikapanda hadi 1,300,000 bila mtu kusema kitu.

Mimi niliyeijua siri nilikuwa nimekaa na kicheko kimenikaba kooni mpaka machozi. Bibi akaniuliza kama nalilia dada.

Giza likaingia, wakafikia sehemu ya mwisho, blanketi la bibi. Wanaojua posa wanajua: blanketi la bibi ni lazima, na siku hiyo lilikuwa kubwa, la manyoya, jipya, limefungwa kwenye nailoni yake. Washenga wawili wakasimama ili walikunjue na kumfunika bibi mbele ya watu wote. Na hapo ndipo umeme ukakatika.

"Endeleeni tu, mshumaa unakuja," mama akasema kutoka jikoni.

Wakalivuta kutoka kwenye nailoni.

Blanketi zima likawaka. Si cheche moja mbili. Mistari ya bluu ilikimbia kuanzia ncha hadi ncha, chachachacha, nikaona sura za washenga wawili zimekodoa, nikaona macho ya simba. Wakaliachia likamwangukia bibi, nalo likawaka tena. Yule mzee wa suti, kwa mshtuko, akapaza sauti, "Kamwene!" Mpaka leo sijui alikuwa anamsalimia nani.

Katika nyumba ile watu wawili tu ndio waliojua sayansi yake, mimi na baba. Na wa kwanza kukimbia alikuwa baba.

Baadaye alijitetea kwamba yeye alizoea shoti za kwetu, hizi za Iringa hakuambiwa. Nilichosikia ni kochi kuanguka, mlango wa nyuma kubamizwa, nyayo za soksi uani, kimya kidogo, halafu nguruwe. Nguruwe watatu wakilalamika kwa pamoja kama watu waliochoka kuvamiwa. Lile tundu la dogo baba alikuwa ameliziba kwa mlango wa banda, akasema atatengeneza mlango mwingine akipata mbao.

Gizani sebuleni hakuna aliyepumua. Kisha sauti ya bibi ikatoka ndani ya blanketi: "Gwe, fungeni huo mlango, baridi inaingia."

Mama alifika na mshumaa. Mzee wa Iringa alikuwa juu ya kochi, amekumbatia begi la hela. Mshenga kijana alikuwa chini ya meza na dogo, na dogo anamweleza habari za kimondo kwa utulivu wa daktari. Baba akaingia kwa mlango wa nyuma. Soksi moja. Sitamwelezea zaidi, ni baba yangu, ila harufu ilimtangulia kwa kama hatua nne.

Yule mzee alimtazama kuanzia juu hadi chini. Taratibu akashuka kwenye kochi, akapangusa suti, akakaa. Alikuwa mtu mzima, ameshajua kwamba mwenye radi hakimbii radi.

"Mzee mwenzangu," akasema, "naona tulikwenda haraka. Turudi pale kwenye 800,000."

Baba alifungua mdomo. Kitu kikamdondoka begani kikaangukia kapeti. "Laki tisa," akasema kwa sauti ndogo, "halafu niruhusuni nikaoge."

Wakapatana. Mkono hawakupeana.

Dada aliolewa vizuri na shemeji ni mtu wa maana, ila hadi leo akifika kwetu hushika kwanza nondo za dirisha kabla ya kumpa baba mkono. Baba hupenda kujifanya haoni. Lile blanketi bibi hakukubali alazwe bila hilo. Kila usiku tulikuwa tunasikia chachacha kutoka chumbani kwake, halafu mkoromo.

Novemba mvua ikapiga bati siku tatu. Siku ya nne nilimkuta dogo sebuleni, ndala miguuni, anasugua kapeti juu ya uso wa simba, jasho linamtoka. Akanigusa. Kimya. Akasugua tena, akanigusa sikioni. Kimya.

Akakaa chini, akatazama mvua dirishani kwa muda.

"Kaka," akasema, "nauli ya kwenda Ndolezi ni shilingi ngapi?"