Tungule tano zinazofanana zashinda jitu moja

Maonyesho ya kilimo ya Mkomani, Mombasa, yakikaribia, hakosi mtu Kisauni wa kujisifu kwa muhogo mrefu kama mpini wa jembe. Kama kuna kundi la mazao makubwa, autie huko. Kwengineko jaji hatafuti jitu, atafuta mlingano: tungule tano kama zilizozaliwa tumbo moja, rangi moja, vikonyo vingali vibichi. Moja ikizidi wenzake, hiyo ndiyo itakayokuangusha.

Ukitakiwa tano, chuma kumi na tano asubuhi na mapema, zimwage kwenye uteo. Usianze na ile nzuri kupita zote, maana haina pacha. Shika ya wastani, kisha itafutie wenzake. Na hesabu ni hesabu: ukiambiwa sita ukaleta saba, umejitoa mwenyewe.

Bamia huwatoa wengi. Yataka kukatwa siku ya nne hadi ya sita tangu ua kufunguka, ikiwa na urefu wa sentimita 7 hadi 10. Kwa joto letu, ukichelewa siku mbili tu umelima kamba. Vunja ncha ya moja usiyoipeleka: ikikatika kwa mlio ni changa, ikipinda imekomaa. Kwa hivyo wiki mbili kabla, pita shambani kila baada ya siku moja ukate zote zilizofikia. Ukiziacha zikomae, mmea hupunguza kuzaa, na siku yenyewe utakuta maua matupu.

Bilingani usilitie kwenye friji. Chini ya nyuzi 10 ngozi hufanya vishimo, na kofia yake ya kijani hugeuka nyeusi. Lifunge kwa kitambaa kibichi, uliweke kivulini. Kulipaka mafuta ya kupikia ling'are ni kujidanganya, jaji akipitisha kidole amekwisha jua. Na asumini pembeni mwa sahani ya nini? Hii si harusi.

Embe, kama msimu umekukubali, likate na kikonyo kirefu, ukifupishe baadaye tunda likiwa limeinamishwa ili utomvu udondoke chini. Ukitiririka kwenye ngozi huiunguza. Tazama pia kitobo kama cha sindano: ni kazi ya nzi wa matunda aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003, naye hutaga mayai ndani. Dawa nyepesi ni kulivisha embe, lingali gumu, mfuko wa gazeti.

Muhogo sasa. Huanza kuharibika ndani kwa siku mbili tatu tu, na mahali ulipochubuka ndipo panapotangulia. Ung'oe siku ile ile, uuache na kipande cha shina, usiukwangue. Ule wa mpini wa jembe, uliong'olewa Jumatatu ili majirani wauone, jaji akiukata Alhamisi hukuta mistari ya buluu imeujaa.